Mama, Wewe Pumzika

Msimamizi wetu ghalani ni kijana mwenye adabu, na adabu yake hiyo ndiyo iliyokuwa inanimaliza. Nikiinama kushika ndoo ya rangi: "Mama, wewe pumzika." Nikikosea lebo, anairekebisha kimyakimya na kunipa pole, wakati wenzangu kwa kosa hilohilo wanapewa vidonge vyao. Ana umri wa kitinda mimba wangu. Na mimi sikuwa malaika. Nilikuwa namwita mtoto wa juzi, tena kwa sauti.

Nimebandika lebo miaka kumi na moja. Likatoka tangazo kwamba wanatafutwa madereva wa foklifti, ile gari ya kunyanyulia mizigo, na atakayefeli harudii mtihani. Nikaandika jina. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Wacheke. Wiki tatu nilishinda njaa mchana, dereva mmoja akinifundisha wenzangu wakila, na nikipanda ile gari nasikia raha mpaka kwenye kisigino. Nikifeli, basi ni lebo mpaka nistaafu.

Siku ikafika. Vijana wawili wakanitangulia, kila mmoja na ndoo ishirini zilizojaa, apite katikati ya koni sita, apandishe mzigo rafu ya pili. Zamu yangu kufika, naona ndoo nne.

"Wenzangu ishirini. Zangu zimekwenda wapi?"

"Mama, nimeona nikupunguzie kidogo," akasema msimamizi wetu, maana yeye ndiye aliyekuwa anatutahini.

Damu ikanichemka. "Mama yako yuko nyumbani. Hapa yupo mtahiniwa wa tatu. Pakia."

Akapakia.

Koni ya kwanza nikapita, ya pili, ya tatu, ya nne. Jamani, nikanogewa. Kwa kunogewa huko nikaanza kunyanyua mzigo kabla sijasimama, ndoo zikayumba, koni ya tano ikalala chini.

"Simama!" Msimamizi alifoka mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. "Unanyanyua huku unatembea? Unataka kuua watu? Shusha, rudi nyuma, anza tena hapo."

Hakuwahi kunifokea hata siku moja. Nikashusha, nikarudi nyuma. Nikaenda tena, nikasimama kabisa, nikanyanyua, nikazitua ndoo zote ishirini rafuni taratibu kama ninalaza mtoto mchanga.

Akaja na karatasi, uso umekunjamana. "Koni moja chini, kosa moja kubwa. Kufaulu ni sabini, umepata sabini na moja. Ukirudia ule upuuzi nakushusha kwenye gari."

"Sawa, bosi," nikamjibu, na nilimaanisha.

Nyumbani nilifika karibu nakimbia. Mume wangu akaisoma karatasi, akanitazama kwa jicho la wasiwasi. "Niambie ukweli. Hawajakuonea huruma?"

"Wangenionea huruma," nikamwambia, "wangenipa tisini."