Mshale Uliosimama Katikati

Mimi simsifu mtu ovyo, na shemeji yangu ndiye wa mwisho niliyetarajia kumsifu. Amemuoa dada yangu huu mwaka wa ishirini na sita, na chumba changu cha cherehani kimepakana na gereji yake, ukuta mmoja. Kelele zake nazijua, harufu ya oili yake naijua, na visingizio vyake ndiyo usiseme. Mtaa mzima unamwita Bingwa. Mimi nilikuwa namwita Bingwa wa Kujisifu, yeye akiniita Mdomo. Ngoma droo.

Lakini ukweli usemwe. Magari ya dizeli ya zamani, yale yanayotetemesha vioo vya jirani yakiwashwa, hakuna anayeyajua kama yeye. Anashika bisibisi ndefu, ncha anaigusisha kwenye injini, mpini anauweka sikioni, anafumba macho. "Silinda ya tatu," anasema. Mnafungua mkitaka kumuumbua, mnakuta kweli ni ya tatu.

Kazi aliianza ana miaka kumi na mitano, anaosha vyuma kwa fundi mmoja mzee, mkali kama pilipili. Somo la kwanza alilopewa lilikuwa hili: ukifungua gari, tafuta thamostati, itoe. "Hicho kidude ni cha watu wa nchi za barafu," mzee alimwambia. "Kinayazuia maji yasiende kwenye rejeta kupoa. Sisi na jua hili, tuyazuie maji ya nini?" Nani angebisha? Kidude kikitoka, mshale wa joto kwenye dashibodi unalala chini, gari halichemshi, mteja anaondoka anacheka. Basi Bingwa akavitoa miaka thelathini, kila gari lililoingia kwake. "Gari lililopita mikononi mwangu halichemshi," alikuwa anatamba. Na kweli, hayakuchemsha.

Sasa, kulikuwa na mkunga. Mama mmoja wa makamo, mfupi, hana mchezo, anayezalisha wanawake wa vijiji vya huko mlimani. Gari lake dizeli kuukuu, limeletwa kwa Bingwa miaka kumi na moja, na fundi mwingine halimjui. Lakini lilikuwa na mikosi. Kila asubuhi linatoa moshi mweupe, dizeli linakunywa kama lina deni nayo, na injini ya kwanza ilikufa mwaka wa tano. Wakaweka nyingine. Nayo ikaanza kula oili.

Siku Bingwa alipoifungua hiyo ya pili, nilisikia kimya upande wa pili wa ukuta. Spana zimenyamaza, redio imezimwa. Nikaenda na futi yangu shingoni.

"Vipi shemeji, umeona nyoka?"

"Lete kidole." Akakishika, akakipitisha ndani ya silinda. Nikahisi ukingo, mahali chuma kilipolika. "Unasikia hapo? Na hii oili, nyepesi kama maji, inanuka dizeli. Injini iliyokufa kwa kuchemsha naijua, shemeji. Hii haijachemsha hata siku moja. Hii imekufa kwa baridi."

Alisema polepole, kama mtu aliye kando ya mgonjwa.

Kesho yake jioni, nikiwa kwa dada, akaja na thamostati mpya, akaingia jikoni, akachukua sufuria. Dada yangu akafoka. "Baba watoto, hiyo ni ya chai!" Alikuwa ameazima kipimajoto cha muuza maziwa. Akatia maji, akakitumbukiza kile kidude, akawasha jiko. Tukasimama watatu tunatazama sufuria isiyo na chakula. Arobaini. Sitini. Sabini na tano. Kidude kimelala tu, nami nikaanza kucheka.

Ilipofika themanini na mbili, kikafunguka. Jamani! Hakuna waya, hakuna betri, hakuna aliyekigusa. Kilifunguka taratibu, kama jicho la mtu anayeamka. Bingwa akamimina maji ya baridi, kikajifunga. Akapasha tena, kikafunguka palepale, themanini na mbili. Dada alishasahau sufuria yake, yeye ndiye anasema, "Rudia, baba watoto, rudia tena." Tulirudia mara saba.

"Humo ndani kuna nta tu," Bingwa akasema. "Nta kidogo, kama punje ya maharagwe. Injini ikiwa ya baridi inayazuia maji mpaka ipate joto lake. Likizidi, inafungua. Bila joto hilo dizeli haiungui vizuri, inachuruzika mpaka kwenye oili, na chuma kinajisaga." Akazima jiko. "Punje ya nta inajua injini inataka nini. Mimi miaka thelathini sijui. Lazima nimwambie mkunga."

Na hapo ndipo nilipomponza.

"Umwambie nini?" nikamrukia. "Kwamba umemuulia injini? Akiondoka yeye, mtaa mzima unaondoka naye. Shemeji, funika kombe mwanaharamu apite. Tengeneza, weka hicho kidude, nyamaza. Jina lako ndilo linalowalisha watoto wa dada yangu."

Akanisikiliza, Mungu anisamehe. Akapeleka silinda kuchongwa, akaweka pistoni mpya, akafunga thamostati, akamkabidhi mkunga ufunguo bila neno la ziada.

Kesho yake, Alhamisi, kama saa nne asubuhi, simu ikalia. Sauti ya mkunga niliisikia mpaka kwangu. "Fundi, gari linachemsha! Mshale umepanda! Nimesimama katikati ya mlima, na huko juu kuna mwanamke ana uchungu tangu alfajiri!"

Bingwa akarukia pikipiki yake, nami nyuma. Nani alinialika? Hakuna. Ila dhambi ile ilikuwa yangu pia.

Tulimkuta barabarani, mkoba wa kazi begani, boneti iko wazi. "Miaka kumi na moja mshale huu haujawahi kutoka chini," akasema. "Leo uko katikati. Umeweka nini humu?"

"Thamostati, mama."

"Itoe, kama ulivyoniambia uliitoa ile ya mwanzo. Haraka, fundi, nina mtu ananisubiri."

Spana ilikuwa mkononi mwa Bingwa. Angeitoa, mshale ungelala, mkunga angeshukuru, jina lingebaki pale pale. Na injini ingeanza kufa upya, kimyakimya. Nikamkonyeza: toa tu, yaishe.

Bingwa akaiweka spana chini.

"Siitoi, mama. Gari halichemshi. Hilo ndilo joto lake, hujawahi kuliona kwa sababu mimi nilikunyima. Niliitoa siku ya kwanza nikidhani nakusaidia. Ile injini iliyokufa, niliiua mimi. Hii nayo nilikuwa naimaliza. Nimejua mwezi huu tu, na nikaogopa kukwambia."

Mimi nilitamani ardhi ipasuke initie ndani.

"Miaka kumi na moja," mkunga akasema.

"Kumi na moja, mama."

"Kila ninayekutana naye namwambia fundi ni wewe."

"Najua."

Akabamiza boneti. "Ingieni wote. Likichemsha, utachemka nalo."

Tukapanda. Nilikaa nyuma, shingo nimeitoa kati ya viti, macho kwenye ule mshale. Kona moja, unapanda kidogo. Unarudi. Unasimama katikati. Moshi mweupe hakuna. Pale gari lilipokuwa linalilia gia ya kwanza kila mara, likapita na ya pili. Nilimwona mkunga anatazama mshale, anatazama barabara, anatazama mshale tena. Kile kidude kilikuwa kinafanya kazi yake gizani, ndani ya chuma, hakuna anayekiona. Na mbele yangu kakaa mtu niliyemcheka miaka ishirini na sita. Mimi nguo ikimbana mteja namwambia amenenepa. Sijawahi, hata siku moja, kusema nilikosea kupima.

Tukasubiri nje ya nyumba ile karibu saa mbili nzima. Kisha tukasikia kilio chembamba, cha hasira. Mkunga akatoka anafuta mikono.

"Wa kike. Wote wazima." Akaja akasimama mbele ya Bingwa. "Magari mangapi mengine?"

"Sijui, mama. Mia. Labda zaidi."

"Utawaambia?"

"Mmoja mmoja."

"Nimekasirika, fundi. Nitakasirika mwezi mzima, na ukinisalimia sitaitika. Lakini gari langu asiliguse mtu mwingine."

"Ndiyo, mama," Bingwa akasema. Akakaa chini pale pale kwenye vumbi, akalia mbele ya watu, na mimi Mdomo nikakosa la kusema.