Mishumaa Yenye Nembo ya Kiwanda

Kama kuna kitu kilichomtia Bogumiła Rzepka kichefuchefu, ni mtu kuingia kambini akitafuna. Alizaliwa ng'ambo ya uzio wa kambi hiyo ya mauaji, mashariki mwa Poland, miaka michache baada ya vita. Mama yake mpaka anaingia kaburini hakuanika tena shuka nje, kwa sababu enzi za Manazi shuka zake zilirudi ndani na majivu, na majivu yale yalikuwa Wayahudi. Bogumiła alipostaafu ualimu akawa mwongoza wageni, mkali kama pilipili. Hakuingiza kundi lolote kabla ya kulikalisha na kulifunda.

Novemba moja, wiki ambayo watu huwasha mishumaa makaburini, lilikuja kundi la kiwanda cha madirisha. Aliwakuta ndani ya basi, getini, vikombe vya kahawa mkononi, jamaa mmoja kavaa kofia yenye masikio ya sungura. Mkurugenzi wao, Radosław, alimlaki kwa tabasamu la matangazo.

"Bi Bogusia! Tufupishie kidogo basi. Kuna soseji zinatungoja kwenye makaa."

"Bogusia huniita wa kwetu. Wewe niite Bi Rzepka."

Akawageukia wote. "Kofia hiyo ibaki kwenye basi. Simu mzime. Humo ndani hakuna kula, hakuna kuchekacheka, hakuna kujipiga picha mbele ya tanuri. Anayelia, alie. Aliyezidiwa atoke, hakuna atakayemuuliza. Mwisho tutafika kwenye kilima cha majivu. Wayahudi huwawekea wafu wao kijiwe. Sisi tumezoea mshumaa, haya, lakini usiwe na msalaba."

"Hilo tumelizingatia!" Radosław akafungua boksi kwa mbwembwe.

Kweli, mishumaa ile ya vioo haikuwa na msalaba. Mahali pa msalaba palibandikwa stika ya nembo ya kiwanda, na chini yake maneno: *Tunakumbuka. Mwanga bora kwa kila nyumba.* Bogumiła akauinua mmoja usawa wa macho.

"Nini hii?"

"Kumbukumbu."

"Tangazo hili! Unawauzia madirisha watu waliochomwa moto?"

"Ah, stika tu, mama! Kwani wafu wanasoma?"

"Hawasomi. Mimi nasoma. Bandueni zote, la sivyo tafuteni mwongozaji mwingine, na leo hayupo."

Kisha Wiesława, mama mmoja wa karakana, akachukua mshumaa akaanza kukwangua kwa kucha, na wenzake wakafuata. Radosław akainua mabega, akachezea simu yake. Bogumiła alimwonea aibu, maana mwenyewe hakuwa nayo.

Huko ndani walikwenda vizuri, lazima isemwe. Mbele ya lundo la viatu vya waliouawa hata kukohoa hakuna aliyekohoa, na yule wa masikio ya sungura alilia waziwazi. Kwenye kilima walipanga vijiwe na mishumaa taratibu, na Bogumiła akaanza kulainika moyo.

Ndipo Radosław alipochutama mbele ya wote, akatoa mshumaa wake chini ya koti, stika ikiwa palepale, akauwasha, akaupiga picha.

"Wewe!" Bogumiła alimjia juu. "Tulisema nini?"

"Si mmoja tu, mama? Haya, uzime basi. Picha nimeshapata."

Uzime! Katika nchi ile hata mlevi hazimi moto uliowashwa kwa ajili ya maiti. Akiukuta unayumba kwa upepo, huukinga kwa kiganja. Bogumiła alimtazama kama mtu atazamavyo mende kwenye sahani ya chakula. Akapiga magoti kwenye changarawe, akaushika mshumaa kwa mikono mitupu, akaanza kubandua stika huku moto ukiwaka. Kioo kilikuwa kimeshapata moto. Vidole vilimuungua, na gundi ilikuwa ya kazi, ya kiwandani.

"Lete nikushikie, dada," Wiesława akasema. Akavua skafu, akapiga magoti pembeni yake, akaukumbatia mshumaa kwa skafu hiyo usije ukainama. Yule wa sungura akasimama upande wa upepo.

"Jamani, tunachelewa!" Radosław akaita kutoka njiani. "Soseji zinaungua!"

Hakuna aliyegeuka.