Jumapili za Pikipiki, Hayes

Baba yangu si mtu wa kupiga simu. Ukiona jina lake kwenye kioo, ujue kuna mgonjwa, kuna msiba, au boila ya kupasha nyumba moto imegoma. Kwa hiyo aliponipigia mwezi uliopita nikiwa kazini, moyo ulinilipuka hata kabla sijapokea.

"Jumapili uje," alisema. "Kipindi chetu kinaisha."

Nikamuuliza kipindi gani. "Cha pikipiki. Safari hii kinaisha kabisa."

Nilipanda treni Ilford, ile ya reli ya Elizabeth inayokatiza jiji zima mpaka Hayes, na njia nzima nikawa nasoma maoni ya watazamaji kwenye simu. Kama na wewe ulikuwa na televisheni miaka ile, huenda ulikiona: familia ya Kimarekani, baba na mwanawe, wanaunda pikipiki za ajabu na kugombana mpaka viti vinaruka. Mmoja aliandika kwamba amelia kama aliyefiwa. Mwingine alimshukuru Mungu kwamba zile kelele zimekwisha. Wengine bado walikuwa wanabishana kama baba ndiye mkorofi au mtoto ndiye jeuri, utadhani wao ndio wasimamizi wa mirathi. Mwanamke mmoja alisema alikuwa akikitazama na marehemu baba yake, na sasa ni kama anamzika upya. Hapo nikazima simu. Nilikuwa na hofu, na nilijua hofu ya nini. Baba alikuwa anataka kuniuliza habari za kaka yangu.

Ngoja nikurudishe nyuma kidogo. Tulihamia Hayes, huku kwa Waingereza, kutoka Mwanza nikiwa mdogo. Baba, ambaye kule alikuwa fundi wa pikipiki anayejulikana mtaa mzima, huku alipata kazi ya kupakia mizigo kwenye maghala ya uwanja wa ndege. Hakulalamika. Ila alijenga kibanda uani, akajaza spana na vyuma chakavu, na siku zake za mapumziko alishinda humo na kaka yangu mkubwa. Kaka alikuwa kijana tayari, ana mikono kama ya Baba na kichwa kigumu kama cha Baba, na hilo la pili ndilo lililomnyima usingizi Bibi, mama yake Baba, tuliyeishi naye.

Jumapili tukitoka kanisani nyumba ilikuwa na harufu mbili, petroli na dagaa. Dagaa walikuwa wa Bibi. Aliletewa na kila mgeni aliyetoka nyumbani, na kazi yangu ilikuwa kuwachambua vichwa nimekaa sakafuni mbele ya televisheni. Mama alisonga ugali jikoni mlango ukiwa wazi asije akapitwa na ugomvi. Jirani yetu, mzee wa Kisingasinga aliyezaliwa Nakuru, aliingia bila kubisha hodi akiwa na sahani ya bajia. Ndege zilipita juu ya paa moja baada ya nyingine, vikombe vikitetemeka kabatini, na sisi tulizoea kukata neno katikati, kungoja, kisha kulimalizia.

Sebule ile iligawanyika pande mbili. Baba alimtetea yule baba wa kwenye kipindi. "Mchelea mwana kulia, hulia yeye," alisema kila mzee yule alipofoka. Kaka alimtetea mtoto. Jirani alicheza kotekote ilimradi moto usizime. "Wewe mama, usiogope," alimwambia Bibi. "Hii yote ni biashara. Kamera ikizima, wanakula pamoja."

Bibi hakusadiki. Kiingereza hakukijua, lakini uso wa mzazi aliyekasirika aliusoma vizuri sana. Mzee yule alipomnyooshea mwanawe kidole kumwonyesha mlango, Bibi aliinua mkono na kupaza sauti, "Ashindwe!" Sisi watoto tukaitikia, "Na alegee!" Tulicheka mpaka dagaa wakamwagika. Yeye hakucheka. Alisema ulimi hauna mfupa, na kwamba mzazi hatamki maneno yale juu ya mtoto hata kwa mchezo, kwa sababu neno la mzazi lina miguu, linakwenda mahali. Kisha akauliza swali lake la kila wiki: hawa watu hawana wazee? Wanagombana hivi, na hakuna hata mjomba mmoja wa kuita kikao?

Nadhani Bibi aliona mbali. Kadiri vipindi vilivyosonga, kule kibandani sauti zilianza kufanana na za kwenye televisheni. Baba alikuwa fundi wa kizamani: unafungua, unasafisha, unarudisha kila kitu kama kiwanda kilivyokusudia. Kaka alitaka kuunda kama Wamarekani, kukata na kuchomelea, shingo ndefu mbele na tangi la umbo la tone. Nilikuwa nikipeleka chai nikiona wameinamia chuma kimoja bila kusemezana, naweka vikombe chini na kuondoka haraka. Kitu kilikuwa kinaiva mle ndani na sisi wote tulikisikia. Mama akaanza kuificha rimoti. Ikawa hapati pa kuificha ambapo Baba hapajui.

Ikafika wiki ambayo mzee wa kwenye kipindi alimfukuza mwanawe kweli. Mtaa mzima ulikuwa na maoni. Shuleni wavulana waliigiza ugomvi ule uwanjani, jirani alikuja siku ya kazi kuujadili, na Mama aliniambia mahali anapofanya kazi, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, wazee wenyewe walikataa kulala mpaka wajue nani ana haki. Bibi peke yake hakutoa maoni. Alikaa na Biblia mapajani, haijafunguliwa.

Jumapili iliyofuata Baba alikwenda kibandani akakuta Kaka ameikata fremu ya pikipiki ya Baba. Pikipiki ile Baba aliikusanya kipande kwa kipande miaka mingi, ya aina ile ile aliyojifunzia ufundi akiwa kijana. Kaka alikuwa amesimama pembeni, uso unang'aa, anangoja kusifiwa. Sisi tulikuwa mlango wa jikoni. Baba aliitazama fremu, akamtazama mwanawe, akanyoosha kidole kumwonyesha mlango. Akamwambia kwa Kiingereza, tena kwa lafudhi ya wale Wamarekani, maneno yale yale ya kwenye kipindi: umefukuzwa, toka karakanani kwangu, usirudi tena hapa.

Tulicheka. Hata Kaka alicheka, maana ilikuwa kama maigizo. Kisha akaacha kucheka.

Nimeifikiria sana lafudhi ile. Kwa Kiswahili Baba asingethubutu. Mbele ya mama yake mzazi, kumwambia mtoto wake wa kwanza "usirudi tena", mdomo ungemkauka. Lakini kwa Kiingereza maneno yale hayakuwa na uzito kwake, yalikuwa ya televisheni.

"Amesema nini?" Bibi aliuliza.

"Amesema chakula kinapoa," Mama alimjibu.

"Mbona basi hamcheki tena?"

Kaka aliondoka jioni ile na begi la mgongoni. Baba hakumzuia. Alitia matonge ya ugali mdomoni kama kawaida, na nilimwona akitupia jicho dirishani akiwa hana wasiwasi hata kidogo. Leo ndipo ninapomwelewa. Alidhani ni kama kwenye kipindi, kwamba wiki ijayo mtoto atarudi, watafokeana, watashika spana. Yule wa Marekani alirudi baada ya matangazo. Wetu alifika Glasgow, akapata kazi kwenye gereji, na Baba akangoja apigiwe simu kwa sababu mzazi hapigi. Bibi alipoambiwa ukweli hakupiga kelele. Alisema tu, "Wale wana wapiga picha wa kuwarudisha pamoja. Nyinyi mna nani?" Hakukaa tena mbele ya televisheni ile, na alifariki bila kumwona mjukuu wake.

Basi mwezi uliopita nilimkuta Baba peke yake. Mama alisharudi Mwanza, alisema baridi imemshinda. Tulitazama kipindi cha mwisho. Yule baba na mwanawe wamezeeka, walisimama kando ya pikipiki moja waliyoiunda pamoja, wakakumbatiana. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, na sisi watazamaji wote wa dunia hatukwenda kulima.

"Wamepatana," Baba alisema. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti. "Mpigie kaka yako. Niwekee na mimi nisikie."

Nikapiga. Namba ile Kaka alinitumia zamani, bila neno jingine. Ilipokea sauti ya mtoto wa kike, Kiingereza chake cha Kiskoti kitupu. Sikujua kwamba Kaka ana mtoto. Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba mimi ni shangazi yake, niko na babu yake, na babu anataka kuzungumza na baba.

Mtoto alifikiri. "Babu yangu alikufa kabla sijazaliwa," alisema kwa adabu. "Baba aliniambia. Una uhakika hujakosea namba?"

Baba akanyoosha mkono, akaichukua simu. Nilitamani ndege ipite juu ya paa, lakini haikupita.

"Samahani, mwanangu," alimwambia, kwa upole ambao sijawahi kumsikia nao. "Tumekosea namba."

Kibanda cha uani kilishabomolewa, na jirani wa Nakuru alishahamia kwa wanawe Stanmore. Maoni ya watazamaji yanaendelea kumiminika, watu wanasimulia walivyolia kwa furaha kuona baba na mwana wamekumbatiana. Mimi sikuandika kitu. Namlilia kaka yangu, na namlilia baba yangu aliye hai. Ukipita mtaa wetu Jumapili utaona pazia la sebule liko wazi na mzee amekaa, anatazama televisheni iliyozimwa.