Notburga na Mtoto wa Mwisho Mstarini

Katika kijiji cha Oberlaning, juu kabisa katika bonde la Tiroli, nchini Austria, ambako barabara hukoma na mlima huanza, hapakuwa na mtu aliyepata kufunga viatu vidogo vya skii vingi kama Notburga Plangger. Kwa majira arobaini ya baridi alisimama kwenye uwanja wa watoto nyuma ya kituo cha lifti ya mlimani, akiwafundisha kuteleza thelujini wale wanaoanza, wa miaka mitatu, minne na mitano. Walikuwa watoto wa wageni, waliokuja likizoni na wazazi wao kwa wiki moja na kuondoka Jumamosi pua zimebabuka kwa jua. Wote walimwita Shangazi Burgl. Wapo waliorudi wakiwa na ndevu, wakimkabidhi watoto wao wenyewe, naye akawataja kwa majina kabla hawajafungua kinywa.

Hakuwa mtu wa haraka. Asubuhi ya kwanza hakumvisha mtoto skii, zile mbao nyembamba za kutelezea thelujini. Alimwacha atembee na vile viatu vizito mpaka aache kuvichukia. Kisha akamfunga skii moja tu, mguu wa kushoto, wa kulia ukisukuma, wakazunguka duara huku wakiimba wimbo wa garimoshi. Mtoto alifundishwa kuanguka kabla ya kufundishwa kusimama. Fimbo za kujishikizia hazikuruhusiwa. "Ukimpa mtoto fimbo umempa silaha," alisema, "na adui wake wa kwanza ni jicho la mwenzake." Baada ya hapo ndipo lilipokuja somo la kufunga breki: ncha za mbele zikaribiane, visigino vitanuke, skii zikae kama kipande cha keki. Ijumaa yalikuwa mashindano, na kila mtoto alitoka na medali shingoni, hata aliyeshuka kwa makalio.

Walimu wa watu wazima walimtania walipopita juu ya uwanja wake.

"Burgl! Leo unachunga mbuzi wangapi?"

"Kumi na mmoja. Nyie wenu wanalia zaidi, tena wana vitambi!"

Kijiji kilikuwa na desturi moja ambayo haikuandikwa popote, lakini hakuna mwalimu aliyethubutu kuivunja: mtoto wa mwalimu hukaa mwisho wa mstari. Viatu alivaa vilivyobaki, mkanda unaojiendesha wa kupandia kilima aliupanda baada ya wote, na akianguka alijiinua. Mgeni asije akasema kwamba hapa wanapendelea wa kwao. Notburga alilelewa hivyo na baba yake, aliyekuwa mwalimu kabla yake, na aliona fahari ndani yake. "Wa kwetu huvumilia," baba yake alikuwa akisema, naye akalirithi neno hilo pamoja na nyumba.

Nyumba nayo ilikuwa na desturi yake. Kuanzia Krismasi hadi Pasaka vyumba vya juu vilikuwa vya wageni, na wenye nyumba walishuka chini. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Bondeni humo mwenyeji alipona kweli. Alijenga paa jipya na mabafu matatu. Lakini mtoto wa mwenyeji alilala kwenye chumba cha boila, kati ya kamba za nguo na skii za watu, akisikiliza watoto wengine wakikimbia juu ya dari, ndani ya chumba chake mwenyewe.

Mtoto huyo alikuwa Reinhild, binti pekee wa Notburga. Alipofikisha miaka kumi na minane alikwenda Linz kusomea uuguzi, akaolewa huko na Gernot, fundi wa saa, mtu mpole wa nchi tambarare. Alikuja nyumbani wakati wa kiangazi. Wakati wa baridi hakuja, na Notburga hakumwita, kwa kuwa wakati wa baridi palikuwa na kazi. Mume wa Notburga, Alois, alipofariki, watu wa bondeni walidhani sasa binti ataonekana zaidi. Haikuwa hivyo.

Kwa hiyo Reinhild alipopiga simu kusema kwamba watakuja wiki ya likizo ya Februari, pamoja na Fanni aliyetimiza miaka minne, Notburga alikaa kitako kwenye ngazi. Fanni alikuwa mjukuu wake wa pekee. Siku hiyohiyo alishusha darini skii ndogo nyekundu, akazinoa kingo za chuma, akazipaka nta mara mbili. Nafasi ya kulala tu ndiyo haikuwepo. Familia ya Uholanzi ilikuwa imeshika vyumba wiki hiyo kwa mwaka wa kumi na tisa mfululizo, na Notburga hakuona namna ya kuwaambia wasije. Reinhild akapanga kwenye nyumba ya wageni karibu na kanisa. "Nilijua," alisema kwenye simu.

Jumapili jioni walikaa jikoni kwa Notburga, mbele ya supu yenye madonge ya mkate. Gernot alimpeleka mtoto kuona theluji uani. Ndipo Reinhild aliposema lile alilokuja nalo.

"Mama, nimemwandikisha Fanni kwako wiki nzima, kama mgeni."

"Kwa nini kama mgeni? Ungeniambia tu, mwanangu."

"Kwa sababu mgeni ndiye unayekuwa naye." Alisukuma bakuli pembeni. "Nasema bila ugomvi. Yeye hakujui, wewe humjui. Wiki hii moja, kuwa bibi yake. Ikienda vizuri tutakuja kila mwaka. Isipokwenda vizuri, mimi sitamrudisha mtoto huku. Umenielewa?"

"Nimewafundisha elfu kadhaa," Notburga alijibu. "Wangu atanishinda?"

"Sikuzungumzia kufundisha."

Jumatatu asubuhi walikuwa kumi na wawili uwanjani. Notburga aliwapanga, na bila kufikiri, kama mkono unavyofikia kitasa cha mlango uuzoeao, akamweka Fanni mwisho.

"Bibi, mimi nataka kuwa karibu na wewe."

"Hapa mimi si bibi, mpenzi. Hapa ni Shangazi Burgl, kama kwa wenzako. Wakikusikia watasema nakupendelea."

Fanni aliwatazama wenzake kumi na mmoja. Hakuna aliyekuwa akisema kitu. Mmoja alikuwa akila theluji.

Mtoto alijaliwa kipaji. Notburga aliliona hilo katika mzunguko wa kwanza: magoti yalikunjika yenyewe, kichwa kilitazama mbele, na alipoanguka alicheka. Katika majira thelathini na manane aliyofundisha hadi siku hiyo hakuwa ameona wanane wa namna hiyo. Hakumsifu. Alimsifu mtoto wa mbele yake, ambaye skii yake ilikuwa imefungwa kinyumenyume.

Saa nne na nusu Joost, mtoto wa Wauholanzi wale wa vyumba vya juu, akashika suruali yake. Notburga alimnyakua, akamwachia mwalimu mwenzake kundi, akakimbia naye hadi chooni. Kumvua mtoto wa miaka minne viatu vile, glovu, ovaroli na suruali mbili ni kazi ya robo saa. Aliporudi jasho likimtiririka mgongoni, Fanni aliinua mkono kutoka mwisho wa mstari.

"Bi... Shangazi. Na mimi nataka kukojoa."

Saa ya kundi kupanda mkanda ilikuwa imefika; wakichelewa, kundi jingine lingeingia. Notburga aliinama akamrekebisha kofia.

"Wageni wapande kwanza. Wewe ni wa kwetu, wewe unaweza kuvumilia kidogo. Si ndiyo?"

"Ndiyo," alisema Fanni.

Akavumilia. Alisimama mwisho, wenzake wakapanda mmoja mmoja, wawili wakaanguka na mkanda ukasimamishwa mara mbili. Zamu yake ilipofika akapanda. Hakulia, hakuomba tena. Alishuka na kipande chake cha keki kimenyooka kuliko cha wote, na Notburga akajisemea: huyu ni damu yangu.

Saa sita mchana Reinhild alimvua mtoto viatu kwenye chumba cha kubadilishia. Soksi ilitoka imelowa, na ovaroli ndani ya mapaja ilikuwa ngumu kwa barafu. Ngozi ya mtoto ilikuwa nyekundu kama iliyounguzwa. Wazazi wengine waligeuka kutazama kwingine, kwa adabu. Notburga alikuwa mlangoni.

"Alikwambia?" Reinhild aliuliza, sauti yake ya chini.

"Aliniambia."

"Ukamjibu nini?"

Notburga hakuwa mtu wa kusema uongo. "Kwamba yeye ni wa kwetu. Anaweza kuvumilia."

Reinhild alicheka, kicheko kikavu kisicho na furaha. "Na yule Joost?"

"Joost ni mgeni."

"Na Fanni nimemwandikisha kama nani, mama?" Alimfunga mtoto taulo kiunoni. "Nilikuwa na miaka mitano. Wiki kama hii. Nilikwambia mara tatu. Ukaniambia maneno hayohayo, na ulinirekebisha kofia. Nilikaa na mkojo ndani ya viatu mpaka saa tisa, kwa sababu baada ya wageni kwenda kula ulikuwa na wengine wa mchana. Unakumbuka?"

Notburga alitafuta katika kumbukumbu zake. Alitafuta kwa uaminifu, akiwa amesimama pale na glovu mkononi, na hakupata kitu.

"Sikumbuki, Reinhild."

"Hapana. Mimi ndiye niliyeachiwa kukumbuka."

"Ungeniambia jioni."

"Jioni ulikuwa unawapikia wageni." Akambeba mtoto. "Kesho hatuji."

Alasiri hiyo, wageni wakiwa bado mlimani, Notburga alitoa makopo ya bati ambamo alihifadhi picha za kila wiki, kundi kwa kundi. Aliyapata majira yake ya saba, na wiki ya Februari. Watoto kumi na wanne walijipanga mbele ya uzio. Aliwataja kwa sauti: Annegret wa Kassel, aliyeogopa mbwa, wale pacha wa Antwerp, Detlef, aliyetapika kwenye mkanda. Wa mwisho, nusu ya bega limekatwa na ukingo wa picha, alikuwa binti yake. Wote walikuwa wakifinya macho kwa jua, isipokuwa yeye, ambaye alikuwa akitazama chini, kwenye viatu vyake. Notburga alikumbuka ladha ya mkate alioula asubuhi ile na mpigapicha alivyokuwa na mafua. Juu ya mtoto wake hakukumbuka hata neno moja.

Jumatano alikwenda ofisini kwa Ignaz, mkuu wa walimu, ambaye alikuwa binamu yake.

"Nataka siku moja. Kesho."

Ignaz alivua miwani. "Unaumwa?"

"Siumwi."

"Amekufa nani?"

"Hakuna aliyekufa."

"Burgl, hii ni wiki ya Februari. Hata siku ya kumzika Alois ulirudi alasiri. Siku ya nini?"

"Ya mjukuu wangu."

Ignaz alimtazama kama anayetazama saa ya kanisa imesimama. "Haya," alisema mwishowe. "Ila usije ukazoea, wewe mwanamke. Mwalimu mwingine wa majira thelathini na manane hatuna."

Alhamisi saa tatu asubuhi Notburga alisimama mbele ya nyumba ya wageni karibu na kanisa, bila koti jekundu la walimu, skii ndogo begani. Gernot alikuwa akipakia mifuko kwenye gari.

"Habari za asubuhi, mama mkwe. Tunakwenda bonde la pili, kwenye bwawa la maji ya moto."

"Nimepata siku nzima," alisema Notburga. "Nilifikiri nimchukue Fanni. Mimi na yeye tu, pasipo kundi. Nyuma ya zizi la Huterer kuna kiteremko kidogo, hapana watu."

Reinhild alitokea mlangoni amemshika mtoto mkono. Alisikia. Akaitazama nguo ya mama yake, ile ya kwenda kanisani, na kwa dakika moja uso wake ulilegea.

"Siku nzima? Ignaz amekupa?"

"Amenipa."

Reinhild akachuchumaa kando ya mtoto. "Fanni, bibi amekuja. Anauliza kama unataka kwenda naye kwenye theluji, nyinyi wawili peke yenu. Sema unachotaka. Hakuna atakayekasirika."

Fanni aliitazama ile skii nyekundu. Akarudi nyuma hatua moja, mpaka mgongo wake ukagusa goti la mama yake.

"Siendi, Shangazi," alisema kwa heshima, kama watoto wa wageni wanavyosema. "Nitakojoa tena."

"Hutakojoa, mpenzi. Leo tutakwenda chooni mara mia ukitaka."

"Siendi."

Notburga alimgeukia binti yake. "Naweza kuja bwawani. Nitakaa tu pembeni."

Reinhild alimtazama Fanni, aliyekuwa ameshika suruali ya mama yake kwa mikono miwili. "Si leo, mama," alisema, na safari hii sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. "Nilikwambia Jumapili."

"Uliniambia."

Notburga alishika mlango wa gari mtoto alipokuwa akifungwa mkanda. Gari lilipinda kwenye kona ya duka la mikate. Siku yake ilikuwa imebaki yote. Alirudi nyumbani, na kwa kuwa Wauholanzi walikuwa mlimani, akatandika vitanda vyao.

Alifundisha majira mawili zaidi, magoti yakakataa, akaacha. Fanni sasa ana miaka tisa. Mapumziko ya Februari huenda na wazazi wake baharini, upande wa kusini. Kila Jumapili nje ya kanisa la Oberlaning kuna mtu atakayeuliza, kwa kuwa bondeni humo ndivyo watu wanavyouliza habari za mtoto:

"Burgl, mjukuu wako anashukaje na skii siku hizi? Atakuwa moto, yule, akikurithi wewe!"

"Anaogelea," Notburga hujibu.

Na anayeuliza, akiwa mtu wa hapo, hubadilisha mazungumzo.