Alama ya Mlima kwenye Gari la Papa

Enzi zetu pale Goma, mtoto alijua kusoma magari kabla ya kujua kusoma kitabu. Magari yalikuja yakiwa yametumika Japani, na maandishi ya huko bado ubavuni, wala hakuna aliyehangaika kuyafuta. Papa, baba yetu, alikuwa dereva wa njia ya Rutshuru. Minibasi yake nyeupe ilifanana na nyeupe zote za mji, ila mlangoni ilikuwa na alama moja kubwa: 山. Sisi watoto wa mtaa wa Murara tuliiita uma.

Aliyetutoa ujinga ni muzee Kasereka, fundi wa Papa, Mnande aliyewahi kufika bandarini kupokea magari. Alichuchumaa, akatuchorea kwa kijiti katika vumbi jeusi la gereji. Unaanza na mstari wa katikati, mrefu. Halafu wa kushoto, unaoshuka na kupinda chini. Halafu wa kulia unafunga.

"Ile njo mulima," alisema.

Akatueleza kwamba Wajapani huiandika kwenye ramani, huiweka katika majina ya ukoo na ya makampuni, na wakitanguliza alama ya moto, basi ni mlima unaotema moto. Goma nasi tuna mlima wa namna hiyo, na Papa alicheka mpaka akashika tumbo. "Kumbe iyi gari ilizaliwa ju ya Goma!"

Nilikuwa na miaka tisa, na tangu siku hiyo niliandika mlima kila mahali: pembeni ya daftari, kwenye mbao za ukuta wetu, hata kwenye unga wa muhogo kabla Mama hajasonga bugali. Mwalimu alinipiga fimbo mbili. Alidhani nina njaa, ndiyo maana nachora uma kutwa; na kusema kweli, njaa ilikuwepo pia. Asubuhi isiyo na mawingu nilisimama uani nikiitazama milima yetu mitatu kama mistari mitatu, Nyiragongo, Mikeno na Karisimbi, nikaona Wajapani ni watu wenye akili sana.

Zilikuwa pia siku za waasi. Waliondoka hawa, wakaja wale, na wote walipenda magari ya watu. Kwa hiyo kila familia ilikuwa na mahali pake pa kukutania mambo yakiharibika. Petu palikuwa njia panda, mbele ya duka la sabuni. Papa alitukumbusha mara kwa mara: "Musikimbie ovyo. Mungojee pale, nitapita. Furaha anajua alama." Furaha ndiye mimi. Nilijivuna mpaka wadogo zangu wakanichukia.

Siku mlima wa Nyiragongo ulipopasuka, Papa alikuwa ametoka Rutshuru na abiria. Mama alimfunga mtoto mgongoni, akashika godoro, tukaenda njia panda. Watu walijaa barabarani na mbuzi wao, na vyungu, na wagonjwa kwenye mikokoteni. Anga ilikuwa nyekundu mchana kweupe, na majivu yalituingia mdomoni. Mama alinipandisha juu ya jiwe. "Tazama alama," aliniambia. "Miye sioni kitu."

Nilitazama milango. Nyeupe ilipita, nyeupe nyingine, moja imejaa matope ikasimama kidogo, ikaendelea. Niliyatazama yote na hakuna lenye mlima. Joto la lava liliposogea, Mama alilia, akatuvuta twende na wengine kuelekea Gisenyi, upande wa Rwanda.

Wiki mbili baadaye alikuja mama mmoja muuza kabichi, aliyekuwa ndani ya gari la Papa siku ile. Alisema kwamba pale Kibati walisikia askari wanayatafuta magari mbele, na gari lenye alama lilijulikana upesi. "Papa Furaha alipakaa matope ku alama, ju askari basimukamate. Tulipita njia panda polepole. Alikuwa anaita majina yenu." Hawakutuona. Papa akawashusha abiria wote, akaenda nyumbani kututafuta. Lava ilimkuta huko.

Nakumbuka matope yale. Nakumbuka hata dirisha lililokuwa wazi.

Juzi binti yangu alielekeza simu yake kwenye alama ile ubavuni mwa basi mjini, ikamwambia "mlima" kabla sijafungua mdomo. Watoto wa siku hizi hawachuchumai kwenye vumbi kwa ajili ya neno moja. Wanalipata, wanalisahau hapo hapo, wala hawajui mstari upi unatangulia. Na siku ya balaa wanapigiana simu, wanaulizana uko wapi. Ninawacheka, halafu ninawaonea wivu. Sisi tulikuwa na alama moja tu, na niliijua vizuri kuliko mtu yeyote Murara.

Nilimfundisha binti yangu kuichora, kuanzia katikati, kama muzee Kasereka. Aliniuliza itamfaa nini. Nikamjibu: "Siku mambo ikiharibika, mwanangu, usitazame mulango ya gari. Utazame mutu ku uso."