Spika Mbili na Taa Nyekundu

Enzi za Ujamaa nilikuwa fundi wa redio katika hospitali moja mjini Morogoro. Zahanati ya misheni kule juu milimani ilikuwa na redio ya kuitana, ile simu ya upepo, na muuguzi wake, mama wa Kiluguru aliyesema kama anaimba, aliitumia kuomba ushauri kwa madaktari wetu. Shida ni kwamba redio ya kwetu ilikaa ofisini kwa karani. Daktari wa upasuaji anapita asubuhi anajibu lake, daktari wa watoto anapita mchana anajibu lake, na yule mama anabaki na maagizo mawili yanayopingana.

Nikaomba ruhusa, nikavuta waya hadi vyumbani mwa madaktari hao wawili, kila chumba spika na kipaza sauti. Siku ya majaribio wakazungumza kwa pamoja, ikawa kelele tupu. Muuguzi akangoja wamalize, kisha akasema kwa adabu, "Shikamooni madaktari. Naomba mmoja mmoja, huku nina masikio mawili tu."

Tulicheka sana. Nikaongeza taa ndogo nyekundu kila chumba: mmoja akibonyeza kitufe aseme, kwa mwenzake inawaka, naye anasikiliza.

Masika ikaja, mvua ikakata barabara ya milimani. Muuguzi akaita: ana mtoto mwenye homa, analia tumbo. Daktari wa upasuaji akahofia kidole tumbo, akataka mtoto ateremshwe kwa machela upesi. Daktari wa watoto, mama mpole asiye na haraka, akauliza kama mtoto anakohoa na kuhema mbiombio. Muuguzi akasema yote mawili. Hapo yule wa upasuaji akamwomba aliguse tumbo taratibu. Lilikuwa laini, si gumu kama la kidole tumbo.

"Basi hilo ni pafu," akasema daktari wa watoto. "Pafu likiugua chini, mtoto hulilia tumbo."

"Nakubali," akajibu mwenzake. "Achomwe penisilini hapohapo, asishuke na mvua hii. Kesho tuzungumze tena sote."

Nilikuwa mlangoni na bisibisi mkononi, nikajiona kama nimetibu mimi. Mtoto alipona. Barabara ilipopitika, baba yake akashuka na kikapu cha karoti na kabichi, nami nikapata fungu langu. Haikupita wiki wakunga wa wodi ya wazazi wakanijia, wakisema wao wamesahauliwa, wanataka spika yao. Nikaenda kutafuta waya.