Riale Mbili, Stika Moja

Wa kwanza kulaumiwa ni kaka yangu mkubwa. Wa pili ni yule muuza sarafu wa Harrow, mwenye lenzi jichoni na maneno matamu mdomoni. Wa tatu ni wale wanaolipwa kutazama sarafu kupitia plastiki kisha kubandika stika. Shule sikusoma sana, lakini upuuzi naujua nikiuona.

Mama alipofariki hapa Thamesmead aliacha riale mbili za fedha, za zamani, za sura moja. Moja ilikaa miaka yote sandukuni ndani ya soksi. Ya pili aliifunga kwenye pindo la kanga. Alilala nayo, akaja nayo Uingereza, akaishika hata nilipokuwa namwogesha. Hiyo ina kibonyeo ukingoni, chini ya tarehe. Iliangukia ngazi za hospitali siku ile madaktari walipomwambia nimetoka hai kwenye upasuaji wa saratani.

Kaka alikuwa akija sikukuu kwa sikukuu, anakula biriani, anatazama saa. Matanga hayajaisha, akaanza.

"Mkubwa ni mimi. Ile ya kangani ni yangu. Weye chukua ya sandukuni."

"Kaka, aliyekaa na mama ni mimi."

"Kukaa naye si kurithi. Usinililie hapa."

Akazichukua zote mbili, bila kuuliza ipi ni ipi, akazipeleka Harrow zipimwe. Zikatumwa kwa kampuni ya kupima sarafu, zikarudi kila moja imefungiwa kwenye kijisanduku cha plastiki, zote na namba ile ile ya ubora, yenye kibonyeo na isiyo nacho. Mwenye macho angeshtuka hapo. Kaka hakushtuka. Muuza sarafu akamwambia namba peke yake siku hizi haitoshi: kuna kampuni nyingine inayowakagua wakaguzi, ikiridhika inabandika stika yake ndogo juu ya plastiki. Kaka akazituma tena.

Nilicheka peke yangu. Kazi yangu mimi ni hiyo hiyo. Kwenye ghala kule Hayes nabandika stika za "imekaguliwa" kwenye maboksi tangu alfajiri, na sijafungua hata moja. Siku moja boksi lilikuwa linavuja sabuni mpaka kwenye viatu vyangu. Msimamizi akasema, "Bandika, mama, lori linasubiri." Nikabandika.

Riale zikarudi. Moja imepewa stika, nyingine imenyimwa. Kaka akaziweka mezani kwangu taratibu, kama daktari aliyeleta majibu.

"Unaona? Yenye stika ndiyo ya mama. Kitu kilichoshikwa kwa mapenzi, wataalamu wanakijua."

Nikazisogeza dirishani. Yenye stika ukingo wake ulikuwa mzima, kama ilivyotoka kwenye soksi. Iliyonyimwa ilikuwa na kibonyeo chini ya tarehe, na uso wake umelika kwa kidole gumba cha mama.

"Umeitazama vizuri, kaka?"

"Nitazame nini tena? Wenye kazi yao wameshatazama."

"Una hakika ndiyo unayoitaka?"

"Ushaanza! Ridhika na hiyo yako."

"Haya. Chukua ya mama. Hongera."

Akaibusu plastiki. Wallahi, aliibusu.

Alipoondoka nikachukua mchi wa kutwangia thomu. Binti yangu, anayesikia Kiswahili na kujibu Kiingereza, akapiga kelele kwamba naharibu thamani. Nikamwambia, "Acha kelele, shika hapo isiruke." Pigo la pili plastiki ikapasuka. Sasa riale iko kwenye pindo la kanga ninayojifunga ndani ya koti la kazi.

Kaka ameiweka yake kwenye kabati la kioo sebuleni. Wageni wakija anawaonyesha stika kwanza, kisha anawasimulia, machozi yakimlengalenga, jinsi mama alivyolala nayo. Nimekaa pale na kikombe changu cha chai, nimesikiliza mpaka mwisho. Siku akisoma haya, aichukue lenzi ya rafiki yake wa Harrow, atazame chini ya tarehe.